Maji ya Bati

SHULE YA MSINGI NKOATENGA
Kumb. Na. NKT/W/04
10 Februari 2025

Mwl. Kauthar Iqbal,
Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Nne.

YAH: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO KWA MAANDISHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siku ya Alhamisi ulifundisha Darasa la Nne somo la mzunguko wa maji. Somo hilo ni halali na limo kwenye muhtasari. Lakini badala ya kuchora ubaoni bahari, jua, wingu na mishale, kama walivyofanya wenzako wote tangu shule hii ijengwe, uliwasha jiko la mkaa ndani ya darasa. Ukachemsha maji ya kisima chetu mpaka yakakauka. Ukawaonyesha watoto ukoko mweupe uliobaki chini ya sufuria, kisha ukawaambia, na hapa nanukuu wanafunzi wenyewe: "Mvuke unapanda juu, hiki kinabaki. Wingu halina hiki. Sisi tunakinywa, na ndicho kinachotupaka meno rangi na kupinda miguu ya wadogo zenu."

Matokeo yake ni haya. Ijumaa bibi mmoja alifika ofisini kwangu analia. Mjukuu wake alikuwa amemwaga dumu zima la maji ambalo bibi huyo alilipandisha mgongoni kutoka bondeni, akamwambia, "Bibi, haya ndiyo yaliyokuunguza meno." Wazazi wengine wamekuja kuniuliza kama siku hizi shule inafundisha watoto kuwadharau waliowazaa. Na leo asubuhi nimekuta Darasa la Nne lote limepanga mstari mbele ya tangi la maji ya mvua, vikombe mkononi, wanatikisa kufuli. Nilipowaamuru waende kwenye bomba la kisima, hakuna aliyenyanyua mguu.

Tangi lile limefungwa kwa maelekezo yangu na litaendelea kufungwa. Si la Darasa la Nne.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Aidha, utasimama mbele ya kikao cha wazazi na kuwaomba radhi.

Nakutakia kazi njema.

Theresia Aminieli Sumari
Mwalimu Mkuu

*

Darasa la Nne,
12 Februari 2025

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Nkoatenga.

YAH: MAELEZO YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Husika pia na ukweli kwamba ofisi yako na darasa langu vimetenganishwa na ukuta mmoja, na tungeweza kuongea. Lakini umetaka maandishi, basi haya hapa.

Ni kweli niliwasha jiko. Ni kweli nilichemsha maji. Kabla ya hapo nilichora hiyo bahari unayoitaka, na mishale yake. Nikauliza nani ameshaiona bahari. Hakuna mkono uliopanda, ila mmoja alisema ni kama bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwingine akauliza jua linayavuta maji kwa kamba au kwa nini. Nikaona hapa tunadanganyana. Kesho yake nikaja na sufuria ya mama yangu kutoka Sekei. Tukachemsha, tukafunika, tukafunua. Walipoona matone yanadondoka kutoka kwenye mfuniko walishangilia kama vile Taifa Stars imefunga goli. Mwalimu, hujawahi kusikia Darasa la Nne linashangilia wingu.

Sikupanga kuwaonyesha ukoko. Nilisahau sufuria jikoni tukiwa tunachora, ikakauka, na Brightness ndiye aliyechungulia akasema, "Mwalimu, kumebaki unga." Ulitaka nifanye nini, nimwambie haoni? Akauliza unga huo huwa unakwenda wapi tukinywa. Nikamjibu. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Kila nyumba hapa wamekaririshwa kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kwa vijidudu vya kuharisha, sawa kabisa. Kwa madini haya ya floridi, ukichemsha unayazidisha, maji yanapungua, madini yanabaki. Mama anachemsha kwa upendo wote, halafu anatia magadi kwenye maharage yaive haraka, na magadi yana madini yale yale. Hakuna aliyemwambia. Sasa mtoto wake amemwambia, na kosa ni langu?

Kuhusu radhi. Yule bibi nitampandishia dumu la maji kwa mgongo wangu mwenyewe, na nitamwomba samahani ya dumu. Kwa somo, siombi radhi. Chukua hatua unazotaka.

Halafu tangi. Umeandika "si la Darasa la Nne." La nani basi? Ufunguo unakaa kwenye mkoba wako. Kila asubuhi kabla ya kengele nakuona unachota ndoo, unaingia nayo jikoni na kufunga mlango. Na kila mgeni akija anaisifu chai ya ofisini kwako. Nisamehe, domo langu halina breki: maji safi pekee ya shule hii yanapika chai ya Mwalimu Mkuu, na watoto wanapewa ya kisima. Hilo nalo lina maelezo kwa maandishi?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kauthar Iqbal

*

Nkoatenga,
14 Februari 2025

Kauthar,

Hii sijaipa kumbukumbu namba na haitaingia kwenye faili. Naiandika kwa mkono kwa sababu ningekuita tukaongea ningekuzaba kibao, na umri wangu hauruhusu.

Wewe meno yako yaliota Tanga. Wazazi wako walipohamia Sekei mjini na duka lao ulikuwa umeshamaliza kuyaota, umekuja nayo mdomoni kama mzigo wa safari, meupe pee. Mimi yangu yaliota hapa. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali huko, msichana mmoja alinipa mswaki zawadi siku ya kwanza, na bweni zima likacheka. Miaka miwili nilicheka nikiwa nimefumba mdomo. Siku ninarudi, nashuka Tengeru sokoni, mama mmoja wa ndizi akanichekea kwa meno kama yangu, nikajua nimefika nyumbani. Nikacheka naye mpaka watu wakatugeukia. Haya ni meno ya kwetu, Kauthar. Mtu wa huku akicheka huko Dar mwenzake anamtambua kabla hajaulizwa kabila. Nimefundisha kwa meno haya, nimeolewa nayo, nimemzika mume wangu, na Jumapili naimba kwaya nayo mstari wa mbele.

Sasa sikia ulichofanya. Brightness ndiye anayeanzisha wimbo asubuhi mstarini. Juzi ameimba ameziba mdomo kwa kiganja. Jana amekataa kabisa kuimba. Hakuna aliyemcheka, amejiziba mwenyewe. Imeniuma. Imeniuma mpaka nimeingia stoo ya chaki nikalia kama mtoto, mimi mtu mzima na wajukuu. Ulimfundisha maji yanavyopanda mawinguni, sawa, hongera. Hukumfundisha abebe vipi mdomo wake kesho yake.

Kuhusu tangi, sikudai unifikirie vizuri. Fikiri unavyotaka.

Nimeongea na Afisa Elimu Kata. Kuna shule huko chini Kikatiti, barabarani, haina mwalimu wa sayansi. Utaazimwa huko kuanzia Jumatatu mpaka nitakapoandika vinginevyo. Darasa la Nne nitalishika mimi.

Sufuria yako iko ofisini. Sijaigusa.

T. A. Sumari

*

Kikatiti,
6 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu Mkuu,

Nimekupigia simu hupokei. Basi namkabidhi Msafiri wa bodaboda barua hii, yeye huwezi kumkatia.

Nakuandikia nikiwa nimefunga, ni Ramadhani, kwa hiyo nikiwa mkali ujue nusu ni njaa. Nusu nyingine ni mimi.

Kwanza Brightness. Umesema kweli, na tangu nisome barua yako sijapata usingizi mzuri. Niliona ukoko nikamsahau mtoto. Nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi. Kwa hilo naomba radhi, kwako na kwake, na nikimwona nitamwomba mwenyewe mbele ya wenzake. Nilimcheka mtu? Hapana. Lakini mwalimu mwenye meno ya Tanga akisimama kuwaambia watoto habari za meno yao angepaswa kuwaza mara mbili, na mimi sikuwaza hata mara moja.

Kwa maji, hapana. Siwezi kuomba radhi kwa sababu maji yana kilichomo. Kungekuwa na nyoka kisimani ungeniambia nisiseme, eti atawatia watu aibu? Kule kwenu kuna mtoto wa awali anatembea magoti yametengana kama mabano. Unamjua, nami namjua. Yeye haimbi wimbo wa asubuhi wala hajui kuziba mdomo, anajua tu kwamba hawezi kukimbia na wenzake. Aibu yangu mimi iko pale.

Huku Kikatiti hali si mbaya sana, ingawa darasa ni kubwa mpaka wengine wanakaa dirishani. Nimefundisha upepo na kipimamvua. Lakini jioni natoka nje nauangalia mlima. Umeanza kuvaa mawingu kuanzia mchana, na upepo umegeuka. Masika iko njiani. Nawaza bati la Darasa la Nne na la Tano, refu namna ile, halina hata futi moja ya mfereji. Mvua ya kwanza itamwagika yote chini, itachimba njia mpaka chooni kama mwaka jana. Maji safi kabisa, yametoka juu bila kitu ndani yake, yataanguka mlangoni kwenu na mtayaangalia yanapita. Halafu asubuhi watoto watabeba madumu kwenda bondeni.

Mimi kiu yangu ina saa ya kuisha. Adhana ikiita nafuturu. Wao yao itaisha lini?

Mwalimu, sikuogopi. Nakuheshimu, ndiyo maana sikuogopi. Tangi lile ni la nani?

Kauthar

*

Nkoatenga,
13 Machi 2025

Marahaba Kauthar,

Wewe ni king'ang'anizi. Msafiri ameniambia ulimkataza kuondoka mpaka anihakikishie ataniwekea mkononi. Haya, umeshinda, nakujibu.

Nimeshika Darasa la Nne mwenyewe. Siku ya kwanza nilichora bahari. Wakanakili kwa adabu, ile adabu ya kunionea huruma. Siku ya tatu Brightness akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, maji ya tangi nayo yakikauka yanabaki nini?" Nilitaka kumwambia akae chini. Nikashindwa. Nikachukua sufuria yako, nikachota kikombe cha tangi, nikawasha jiko. Sote tukainama juu ya sufuria mpaka moshi ukatutoa machozi. Yakakauka. Hakuna kitu, Kauthar. Sufuria inang'aa kama imesuguliwa na majivu. Brightness akaniangalia, akasema taratibu, bila kuziba mdomo, "Ndiyo maana awali wanapikiwa uji kwa haya." Mdogo wake yuko awali. Darasa zima lilikuwa linajua, isipokuwa mwalimu wao wa sayansi.

Naam. Tangi ni la awali na Darasa la Kwanza. Uji wao wa asubuhi, na kikombe cha kunywa mchana, kila siku wanapokuwa shuleni. Ile chai yangu unayoisema ni ya kisima, wageni wanasifu tangawizi.

Nilianza miaka sita iliyopita, mwaka aliokuja daktari wa meno kupima watoto. Nilimfuata akiwa anafunga mizigo yake, nikamuuliza kama kuna la kufanya. Akaniambia meno ya mbele ya watoto wa awali yameshatengenezwa ndani ya fizi, hayo basi. Lakini yale ya pembeni, yanayoota wakifika darasa la tano na la sita, bado yanatengenezwa. Mifupa nayo bado. Akasema, kama una maji ya mvua, wape hao. Sasa nina tangi moja na bati la ofisi tu. Nilipiga hesabu kila namna. Yanatosha wadogo mpaka mvua nyingine, kama hakuna anayegusa.

Ningemwambia nani? Ningetangaza kijijini kwamba nina maji yasiyo na madhara, na mama yupi asingekuja na dumu? Kwa wiki moja lingekuwa kavu, na wote tungekuwa sawa, wote kisimani. Nikafunga kufuli. Nilichagua, Kauthar. Kila siku nawaona wakubwa wakiinama kwenye bomba la kisima na naujua uchaguzi wangu kwa sura na majina. Siombi radhi, na usithubutu kunihurumia. Ukiniona mchoyo niliona ni afadhali. Mchoyo haombwi.

Nakueleza haya si kwa sababu umenishinda kwa domo. Ni kwa sababu Mzee Ephraimu, mwenyekiti wa kamati ya shule, amekuja. Wananchi wamekubali kufyatua matofali ya darasa jipya, nguvu zao wenyewe, na mchanga umeshamwagwa. Kisima kiko bondeni, na bomba lake hapa shuleni hutoa uzi tu wa maji usiotosha ujenzi, ila tangi liko hapo hapo. Anataka ufunguo. Anasema tangi ni mali ya shule na matofali ni ya shule. Mdomoni sikuwa na jibu la kumpa, maana hakuna mtu mzima anayejua maji yale yanafanya nini. Nimemwambia nitafikiri. Amesema nifikiri haraka.

Theresia

*

Kikatiti,
15 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Nimesoma barua yako nimesimama barabarani, malori yananipita, na nimelia hadharani mpaka mama wa vitumbua akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni mwalimu mkuu wangu. Akasema pole. Sasa Kikatiti nzima inajua umekufa.

Nilikuita mnywa maji ya watoto. Nimeona aibu na nimeimeza. Nikirudi utanizaba hicho kibao ulichonikopesha.

Lakini sasa nisikilize, maana hasira yangu haijaisha, imehama tu. Ulikosea kuficha. Najua kwa nini, ningekuwa wewe labda ningeficha pia. Lakini angalia ulipofika. Mzee Ephraimu anataka kumwaga uji wa watoto kwenye mchanga, na hajui kwamba ni uji. Leo akilifungua lile tangi, nani atapiga kelele? Watoto wa awali? Wataambiwa nyamazeni, wakubwa wanajenga. Mama zao hawana habari. Umewalinda watoto peke yako mpaka ukabaki peke yako.

Unaogopa kina mama watakuja na madumu. Waache waje! Wakija wewe unakuwa na jeshi. Wakijua ni uji wa watoto wao hawatachota, watalinda. Huwaamini? Hao hao wanaopandisha maji mgongoni kutoka bondeni kila siku ya Mungu? Uliniambia sikufikiri juu ya mdomo wa Brightness. Sawa. Na wewe hukufikiri juu ya akili za mama yake.

Usimpe ufunguo. Itisha kikao, Ijumaa hii. Chemsha sufuria mbili mbele ya wazazi, ya kisima na ya tangi, waone wenyewe, usiwahubirie. Kisha eleza kwa Kimeru, si kwa Kiswahili cha barua za serikali. Mimi nikisimama pale watasikia mtoto wa mjini anawatukana meno. Wewe ukisimama, na ucheke, wataona ni mtu wao. Meno yako ndiyo yanayoweza kusema hili. Yangu hayawezi, nimeshajaribu na umeona.

Na wale wa awali wa kwanza uliowapikia uji, si wako Darasa la Sita sasa? Umewahi kuwatazama midomo? Watazame kesho asubuhi, halafu useme kama una jibu la kumpa Mzee au huna.

Ijumaa nitapanda na Msafiri, uniite usiniite. Nina fundi bati wa Sekei anayemheshimu baba yangu, ametoa vipande vya mifereji vilivyobaki kwenye kazi zake. Vinatosha bati la Darasa la Nne. Mawingu hayatusubiri.

Mwanao mkorofi,
Kauthar

*

KAMATI YA SHULE
Nkoatenga, 24 Machi 2025

Mwl. T. A. Sumari,
Mwalimu Mkuu.

YAH: KUKABIDHI UFUNGUO WA TANGI

Tafadhali rejea mazungumzo yetu na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesikitishwa. Siku ya Ijumaa uliitisha kikao cha wazazi ambacho mimi, mwenyekiti, nimekisikia kwa majirani, nikaingia kimeshaanza. Nikakuta umewasha majiko mawili uwanjani kama mama lishe. Yule mwalimu uliyemwondoa mwenyewe kwa utovu wa nidhamu alikuwa juu ya bati la Darasa la Nne na nyundo, amevaa hijabu yake na suruali ya michezo. Kisha ukawasimamisha Darasa la Sita mbele ya wazazi na kuwafunua midomo kama mbuzi mnadani. Wazazi wakapanga foleni kuchungulia. Wengine walipiga vigelegele. Sijawahi kuona kikao cha shule kinapigiwa vigelegele.

Matokeo yake, tangu Jumamosi kina mama wanakaa tangini kwa zamu, na vigoda na vitambaa vya kufuma. Fundi wetu wa matofali alipokwenda na ndoo walimuuliza kama na yeye yuko awali. Amerudi kwangu amenuna.

Nataka ieleweke kwamba mimi si adui wa watoto. Darasa la Kwanza wanakaa chini, wamebanana kama maharage kwenye debe. Darasa jipya ni la kwao. Mchanga upo, saruji ipo na inaganda, wananchi wapo. Kazi imesimama kwa sababu ya uji. Mimi na wazee wenzangu tumekunywa maji ya kisima hiki toka utoto na tumejenga shule hii, kanisa na zahanati.

Tangi ni mali ya shule, si mali ya mwalimu mkuu. Unatakiwa kunikabidhi ufunguo kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano. Vinginevyo fundi atakuja na msumeno kukata kufuli.

Ephraimu Loishiye
Mwenyekiti wa Kamati

Nakala: Afisa Elimu Kata

*

SHULE YA MSINGI NKOATENGA
Kumb. Na. NKT/W/09
25 Machi 2025

Mzee Ephraimu Loishiye,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

YAH: UFUNGUO HAUPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Mzee. Barua yako nimeipokea na nimeisoma hadi nakala.

Sikukabidhi ufunguo kwa sababu hauna kazi tena. Kufuli nililitoa mwenyewe Ijumaa jioni, wazazi walipokuwa wakiondoka. Tangi liko wazi. Fundi wako akija na msumeno hatakuta cha kukata, atakuta kina mama, na hao siwezi kumkabidhi mtu.

Kwamba niliitisha kikao bila wewe ni kweli. Ningekuambia ungekiahirisha. Kwamba Mwalimu Kauthar alikuwa juu ya bati ni kweli pia, na amefunga mfereji ambao mimi na wewe tumeuahidi kwenye kila kikao tangu uchaguliwe. Jana usiku mvua imenyesha. Sijui kama huko kwako uliisikia. Mapipa mawili ya Darasa la Nne yamejaa mpaka juu, na leo watoto wakubwa wamekunywa maji ya bati kwa mara ya kwanza. Walisukumana, nikawaacha wasukumane.

Umesema wewe na wazee wenzako mmekunywa kisima hiki mkajenga shule. Ni kweli, na nawaheshimu. Nami nimekinywa. Mzee, sisi wawili tunajua magoti yetu yanasema nini asubuhi kabla hatujanyooka. Kanisani unapiga goti ukiwa umeshika benchi la mbele, na mimi nyuma yako nimeshika la kwangu. Kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake. Mimi nimechoka kujifanya.

Matofali siyapingi. Darasa nalitaka kuliko wewe, ni mimi ninayewapanga wale watoto sakafuni. Lakini tofali halioti meno wala halina mifupa. Linakunywa maji yoyote. Tulipe ya kisima. Kesho baada ya vipindi nitashuka bondeni na dumu langu, walimu wote wamekubali kushuka nami, na wazazi wa zamu ya ujenzi wamesema watafuata. Saruji haitaganda. Hilo naliahidi kwa maandishi, nawe uyahifadhi.

Ijumaa ulisimama nyuma kabisa, chini ya kofia yako. Foleni ilipopangwa ya kuangalia midomo ya Darasa la Sita hukupanga. Labda uliona ni mambo ya kina mama. Basi leo jioni, Lemburis akirudi nyumbani, mwite. Ni mjukuu wako, nimempikia uji mimi mwenyewe tangu siku alipoletwa awali akiwa amekushika suruali. Mwambie acheke. Mbele ataonekana kama wewe na mimi, hayo tulichelewa. Mwambie afungue zaidi, uangalie pembeni, yale yaliyoota mwaka huu. Angalia rangi yake. Huna meno kama yale ukoo mzima.

Ukimaliza, mwangalie mdogo wake, Nosim wa awali, ambaye yake ya pembeni bado hayajaota. Uji wake wa kesho asubuhi uko ndani ya tangi unalotaka kulimwaga kwenye mchanga.

Kama baada ya hapo bado unayataka maji yale, usimtume fundi. Njoo mwenyewe Jumatano saa sita, uyachote mbele ya Nosim. Nitakuwa nimesimama hapo, na ndoo nitakushikia.

Theresia Aminieli Sumari
Mwalimu Mkuu

Nakala: Afisa Elimu Kata
Ubao wa matangazo, wazazi wote wasome
Mwl. Kauthar Iqbal, Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Nne, Shule ya Msingi Nkoatenga